Barua ya wazi kwa wakuu wa Nairobi: mkishatuuliza, tujibuni

Kwa Mheshimiwa Gavana, Mawaziri wa Kaunti, Spika na Waheshimiwa wawakilishi wadi wa wadi zote 85, na kwa wakuu wa mashirika ya serikali ya kitaifa walioshika barabara, mito na mabomba ya jiji hili.

Waheshimiwa,

Siombi barabara. Siombi taa ya mulika mwizi, wala kazi kwa kijana wa jirani, wala mchango wa harambee. Naomba majibu. Sisi wakazi wa Nairobi tunaulizwa maoni mara nyingi kuliko wazazi wetu walivyowahi kuulizwa, ila kujibiwa, tunajibiwa kwa nadra vile vile walivyojibiwa wao.

Sheria mnaijua kuliko mimi, na mmeapa kuilinda, kwa hiyo nitaipitia haraka. Kifungu cha 10 cha Katiba ya 2010 kinaweka ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali. Cha 196 kinalitaka bunge la kaunti lifanye shughuli zake hadharani na kuwashirikisha wananchi, na cha 201 kinadai uwazi katika fedha za umma. Nimevitaja ili ieleweke mapema kwamba ninachoomba si hisani ya mtu.

Tuanze na kikao chenyewe cha maoni ya umma. Yeyote aliyewahi kuhudhuria kimoja anajua mambo yanavyokwenda. Tangazo hutoka gazetini, ukurasa wa ndani, kwa Kiingereza, siku chache kabla. Kikao ni siku ya kazi, saa nne asubuhi, wakati fundi yuko mjengoni, dobi yuko kwa watu, na mama mboga amesharudi kutoka soko la Marikiti anapanga nyanya zake. Ukumbini mezani pana nakala mbili tatu za kitabu kinene ambacho hakuna aliyekiona kabla. Afisa anasoma jumla za idara: mamilioni haya ya afya, mabilioni yale ya barabara. Mzee anasimama na kusema mtaro wa nyuma ya shule umeziba. Anaandikwa. Mama anasimama na kutaja mtaro mwingine. Anaandikwa naye. Inakuja soda, watu wanatia saini kwenye orodha ya mahudhurio, wanaondoka. Halafu orodha hiyo inaambatishwa kwenye ripoti kama ushahidi kwamba wananchi walishirikishwa, na mimi huona kwamba ndiyo hasa iliyokuwa ikitafutwa tangu asubuhi.

Mtu ambaye hajaonyeshwa hesabu hana la kufanya isipokuwa kulalamika. Mpe jedwali la wadi yake, aone kwamba mtaro ule ule ulitengewa pesa mwaka juzi, ukatengewa tena mwaka jana, na haujachimbwa. Huyo hatalalamika tena. Atauliza: pesa zilikwenda wapi, mkandarasi ni nani, na kwa nini mtaro huu umerudi kwenye kitabu kana kwamba ni mradi mpya? Swali la namna hiyo ni gumu kulikwepa kuliko malalamiko mia moja, na nashuku ndiyo sababu jedwali haliletwi ukumbini.

Kisha kuna suala la tarehe. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka kalenda iliyo wazi kabisa. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bunge la kaunti kabla ya Septemba 1, mapitio ya bajeti hufuata Septemba 30, na mkakati wa fedha, ule unaoweka kiwango cha juu cha kila idara, hufika kufikia Februari 28. Makadirio yenyewe huletwa kufikia Aprili 30, na Julai 1 mwaka mpya wa fedha unaanza. Sasa tazameni ni lini hasa kelele za kuwaalika wananchi hupanda. Ni Mei na mwanzo wa Juni! Wakati huo miradi ilishaorodheshwa tangu Septemba, na viwango vilishafungwa Februari. Huko ni kumkaribisha mgeni sufuria zikiwa zinaoshwa. Mkazi anayetaka mtaro wake uingie kwenye bajeti ya mwakani anapaswa kusikilizwa Julai na Agosti, lakini miezi hiyo hakuna tangazo linalomfikia, hakuna kipaza sauti kinachopita mtaani, na chifu hana habari.

Na hicho kitabu kinene, hata kikipandishwa mtandaoni, mara nyingi huwa ni faili ya PDF ya karatasi zilizopigwa skani, mamia ya kurasa, nyingine zimelala kichwa chini. Huwezi kutafuta jina la wadi ndani yake. Huwezi kujumlisha. Kijana aliyesoma kompyuta pale Kayole, anayeweza kuwachorea wenzake ramani ya miradi yote ya mtaa kwa jioni moja, analazimika kuketi juma zima akichapa upya tarakimu ambazo karani wenu alizichapa kwenye Excel tangu mwanzo. Jedwali lipo. Lilichapishwa karatasini, karatasi ikapigwa picha, na picha ndiyo tuliyopewa.

Wenye kumbukumbu watasema nchi hii ilishajaribu, na ni kweli. Julai 2011 Rais Mwai Kibaki alizindua tovuti ya taifa ya data huria, iliyosukumwa kwa nguvu na Bitange Ndemo, aliyekuwa katibu wa wizara ya habari na mawasiliano. Kenya ilisifiwa kwa kuwa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kusini mwa Sahara kufanya hivyo. Takwimu za sensa, shule, hospitali na matumizi ya serikali zilifunguliwa kwa yeyote mwenye intaneti. Kisha tovuti ikachakaa. Sababu moja ni kwamba hapakuwa na sheria ya kuzilazimisha wizara kuendelea kuilisha. Sheria ya Kupata Habari ilipitishwa mwaka wa 2016, na kufikia hapo wizara zilikuwa zimetoa kilichokuwa karibu na mkono na kunyamaza. Sababu ya pili, kwa maoni yangu, ndiyo iliyoiua hasa: hakuna afisa aliyewahi kuitumia tovuti hiyo kumjibu mtu. Takwimu ziliwekwa huku, wananchi wakaitwa ukumbini kule, na vitu hivyo viwili havikukutana.

Tafadhali msituambie kwamba wananchi wa kawaida hawawezi kushughulika na takwimu. Jiji hili ndilo lililozaa jukwaa la mtandaoni la Ushahidi mwaka wa 2008, wakati watu walipokuwa wakiripoti kwa ujumbe wa simu palipokuwa na vurugu baada ya uchaguzi, na ripoti zao zikawekwa kwenye ramani. Mwaka wa 2009, Kibera ikiwa doa tupu kwenye ramani nyingi, vijana wa vijiji vyake walizunguka na vifaa vya GPS wakachora vichochoro, vyoo, zahanati na vioski vya maji. Mradi huo ni Map Kibera. Matatu nazo, ambazo wakazi wengi wa jiji hupanda, hazikuwa na ramani ya umma hadi wanafunzi na watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na wenzao wa MIT na Columbia, walipozipanda wakiwa na simu mkononi na kurekodi njia zaidi ya 130. Ramani ilitoka 2014, data ikaachwa huria, na mwaka uliofuata ukaweza kutafuta njia ya matatu ya Nairobi kwenye Google Maps. Uwezo upo. Upungufu uko upande wa mapokezi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote, na unaonitia uchungu kuliko yote, ni wa Mukuru. Kwa miaka kadhaa Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda, na mashirika washirika walihesabu nyumba kwa nyumba katika Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani. Hesabu zao zilionyesha jambo ambalo kila mkazi alilijua lakini hakuna ofisi iliyokuwa imeliandika: maskini wa Mukuru, mtungi kwa mtungi, analipia maji bei ya juu kuliko mwenye bomba ndani ya nyumba mtaa wa kifahari, na umeme vile vile. Takwimu hizo ziliwekwa mezani. Agosti 2017 serikali ya kaunti ikatangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango. Halafu wakazi wakapangwa kwa kaya kumi kumi, kila kumi ikachagua msemaji, wasemaji wakakutana, na mpango wa mitaa yenye kaya zipatazo laki moja ukajadiliwa kuanzia mlangoni kwa mtu hadi City Hall. Si ukumbi mmoja wenye soda. Baadaye barabara zikawekwa lami, mabomba ya majitaka yakalazwa, vituo vya afya vikajengwa. Watu walisema, wakaonyesha hesabu, na serikali ikajibu kwa lami.

Uchungu ni huu: mwishoni mwa 2021, Mukuru kwa Njenga hiyo hiyo ilibomolewa kupisha barabara, na maelfu ya watu wakalala nje. Mpango wa miaka minne wa kaya kumi kumi haukuweza kuzuia tingatinga. Kuna wanaoichukua habari hiyo kama ushahidi kwamba ushirikishwaji ni kupoteza wakati. Mimi naisoma tofauti. Naona ofisi moja ikijibu, na nyingine ambayo haikuwahi kuulizwa ikiamua peke yake. Ndiyo maana barua hii nimewaandikia pia nyinyi wa serikali ya kitaifa, maana mkazi aliyebomolewa hajali kama dereva wa tingatinga analipwa na nani.

Mito ni hivyo hivyo. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipoisomba Mathare na mitaa mingine ya mabondeni, serikali iliamuru watu wahame kandokando ya mito, na mashine zikafuata. Wengi walijua kwamba nyumba zao ziko ndani ya hifadhi ya mto siku walipoona alama ya X imepakwa ukutani. Sheria zetu zenyewe hazisemi kitu kimoja: kutegemea unafungua ipi, ukanda wa kando ya mto ni mita 6, au 30, au kitu katikati. Basi mstari uko wapi? Wekeni mstari huo kwenye ramani, mto kwa mto, kutoka Nairobi hadi Mathare hadi Ngong, na mseme mmefuata sheria ipi. Utundikeni kwenye ofisi ya kila chifu. Aliyeuziwa kiwanja mtoni angejua kabla ya kununua, mwenye nyumba asingepangisha vyumba vya bonde, na hata nyinyi msingeshangaa kwa nini watu wanarusha mawe. Kuhama kwa ajili ya usalama ni jambo ambalo mtu mzima anaweza kulielewa akielezwa mapema. Mathare hakuna aliyeipenda mvua ile.

Hata mambo madogo yanakwama kwa kukosa karatasi moja. Barabara za jiji hili zimegawanywa kati ya kaunti, KURA (mamlaka ya barabara za mijini) na KeNHA (mamlaka ya barabara kuu). Mkazi hajui ipi ni ya nani. Anapeleka habari ya shimo ofisi ya kwanza, anaambiwa si letu. Anakwenda ya pili, si letu. Na shimo linazidi kupanuka wakati ofisi zinapigiana danadana. Orodha ya barabara za kila wadi na jina la mwenye jukumu ni kurasa chache tu. Maafisa wenu wanayo. Itoeni.

Nitoe sifa pale inapostahili. Ratiba ya mgao wa maji, inayotaja mtaa gani utapata maji siku gani, huenda ndiyo data huria inayosomwa kuliko zote Nairobi. Watu wanaipiga picha, wanaitumiana WhatsApp, wanapanga siku ya kufua kwa kuifuata. Haikuhitaji kongamano hotelini wala mshauri kutoka ng'ambo. Ni jedwali fupi, lina jina la mtaa wangu, na linagusa maisha yangu wiki hii. Maji yasipokuja Alhamisi yaliyoahidiwa, nina kitu cha kuwaonyesha. Bajeti ya wadi ingeweza kuandikwa hivyo hivyo.

Mkitaka kwenda mbali zaidi, hamhitaji kusafiri hadi Brazil, ingawa jiji la Porto Alegre huko lilianza kuwapa wakazi nafasi ya kupanga bajeti tangu 1989. Kaunti ya Makueni iko karibu. Huko mapendekezo huanzia kijijini na kupanda ngazi kwa ngazi hadi wadi na kaunti, na kila mradi una kamati ya wananchi wanaoufuatilia wenyewe. Mtasema Nairobi si Makueni, kwamba hapa watu zaidi ya milioni nne wanahamahama na jirani hajui jina la jirani. Sawa. Ila Mukuru pia ni Nairobi, na kaya kumi kumi ziliwezekana.

Sasa nirudi kwenye majibu, maana ndiyo ombi lenyewe. Julai 2024 Mahakama ya Rufaa iliibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023, na miongoni mwa sababu ilikuwa kwamba Bunge halikueleza kwa nini lilikubali au kukataa maoni ya wananchi. Oktoba 29 mwaka huo Mahakama ya Juu ikaipindua hukumu hiyo. Basi najua hakuna atakayeshtakiwa kwa kutonijibu mimi na mtaro wangu, na wanasheria wenu nadhani wameshawaambia. Lakini kabla ya hukumu hizo mbili kulikuwa na Juni 2024. Vijana walisambaza Mswada wa Fedha wa mwaka huo kwenye simu, wakaueleza kifungu kwa kifungu, wengine kwa lugha za nyumbani, wakafika mbele ya Bunge Juni 25 wakiwa wanajua ukurasa na mstari. Wengine hawakurudi nyumbani. Siku iliyofuata Rais alitangaza kwamba hatautia saini. Kizazi hicho kimeshasoma bajeti. Hakitasahau kusoma. Mnachoweza kuamua ni kama mtakijibu kwenye jedwali, mapema, au mtangoja kikutane nanyi barabarani.

Kwa hiyo ninachotaka ni hiki, na nimekipunguza kadiri nilivyoweza. Mpango wa mwaka utoke wadi kwa wadi, kwenye jedwali linalofunguka na kujumlishika, pamoja na ukurasa mmoja wa Kiswahili unaobandikwa ofisi ya wadi, ya chifu na kwenye zahanati, mwezi mzima kabla ya vikao. Angalau kikao kimoja kiwe Jumamosi alasiri au Jumapili baada ya ibada. Kila pendekezo lipewe namba pale pale ukumbini, na aliyelitoa aondoke na namba hiyo. Kabla ya Juni 30, orodha ya namba zote irudi kwenye kuta zile zile, na mbele ya kila namba maneno machache: limeingia, au limekataliwa kwa sababu hii. “Hatuna pesa” ni jibu. “Hiyo ni barabara ya KURA, tumewaandikia tarehe fulani” ni jibu zuri zaidi. Na ile hesabu ya robo mwaka ambayo sheria inawataka mtoe iseme mradi wa wadi umefika wapi, umelipwa kiasi gani, na nani amelipwa.

Najua hofu iliyopo. Kaunti imebeba madeni ya wakandarasi ambayo Mdhibiti wa Bajeti huyataja ripoti baada ya ripoti, na Nairobi imekuwa ikiongoza kaunti zote kwa madeni hayo. Kuyaanika ni aibu. Ila kwa nini mkazi asijue ni mtaro gani ulichimbwa na haujalipwa, na upi ulilipwa na haujachimbwa? Msiisingizie pia Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Hiyo inamlinda mgonjwa na mwanafunzi. Bei ya mkataba wa lami si siri ya hospitali, na Sheria ya Kupata Habari inawataka mchapishe mkataba mara tu unapotiwa saini, pamoja na kiasi chake na jina la aliyeupewa.

Kwa wawakilishi wadi nina neno la pembeni. Wengi wenu mnatukanwa kwa miradi ambayo hamkuisimamia na pesa ambazo hamkuziona. Jedwali lingewasaidia nyinyi kwanza. Anayelikataa atueleze sababu yake, tutamsikiliza.

Sheria hiyo ya Kupata Habari inaniruhusu kuandika ombi kwa Kiswahili, na asiyejua kuandika anaweza kulitoa kwa mdomo, karani amwandikie. Sababu ya kuomba sitakiwi kuitoa. Ombi langu la kwanza litakuwa la wadi yangu peke yake: kila mradi uliotengewa pesa katika bajeti tatu zilizopita, mkandarasi, kiasi kilicholipwa, na mradi ulipo leo. Majirani zangu wanaandika yao kwa wadi zao. Tutayaleta kwa mkono na kugongewa muhuri wa kupokelewa. Kuanzia siku ya muhuri, mna siku 21.

Wenu,
Mkazi wa Umoja, Nairobi